Sura ya Saba: Wamejuaje Kwamba Dawa Hii Ni Bandia?

Kila redio inapotangaza kwamba dawa fulani imeondolewa sokoni kwa kuwa ni bandia, swali linaloulizwa dukani, kijiweni na kwenye foleni ya hospitali ni lile lile: wamejuaje? Kidonge ni cheupe kama vidonge vingine. Boksi limepigwa chapa vizuri, tarehe ya mwisho wa matumizi haijafika, hata uchungu wake mdomoni ni ule tuliouzoea. Aliyekikagua aliona nini ambacho sisi hatukukiona?

Mara nyingi jibu la kwanza hupatikana juu ya bamba dogo lenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 10, lililopakwa unga mweupe upande mmoja. Mafundi wa maabara huliita pleti. Njia inayotumika inaitwa kromatografia ya tabaka jembamba, yaani kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha kwenye tabaka jembamba la unga. Nchini Tanzania njia hii imetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vituo vya mipakani na baadhi ya hospitali, chini ya iliyokuwa TFDA, ambayo tangu 2019 ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vifaa vyake huja ndani ya masanduku yanayobebeka yaitwayo Minilab, yaliyobuniwa Ujerumani na mfuko wa GPHF kwa ajili ya sehemu ambazo maabara kubwa iko mbali.

Habari hii inaposimuliwa, kinachozungumzwa sana ni madoa. Unga wenyewe hausemwi, wala kibamba kilichoubeba. Mimi naona hapo ndipo kiini kilipo. Dawa ile ile, ikipimwa na mtu yule yule kwa kimiminika kile kile, inaweza kutoa jibu moja kwenye pleti hii na jibu jingine kwenye pleti ile. Asiyejua pleti yake imetengenezwa kwa kitu gani anaweza kuipitisha dawa bandia, au kumfungia duka mtu asiye na kosa.

Jinsi doa linavyopanda

Mkaguzi husaga kidonge, hukiyeyusha kwenye methanoli au kimiminika kingine kinachofaa, kisha huacha chenga zitulie chini. Kwa penseli huchora mstari mwepesi, sentimita moja na nusu kutoka chini ya pleti. Huchovya mrija wa kioo mwembamba sana, na kuugusisha juu ya mstari mara moja tu, kwa upole, ili kutua tone la mikrolita 2. Ukiinama karibu utaliona tone likinyweka papo hapo na kuacha duara lenye majimaji, dogo kuliko punje ya mahindi. Likikauka halionekani tena. Mkono ukiwa mzito, ncha ya mrija huchimba shimo kwenye unga, na doa litakalopanda kutoka hapo litakuwa na umbo bovu.

Kisha pleti husimamishwa ndani ya chupa yenye kiyeyushi kidogo. Kiyeyushi ni kimiminika chenye uwezo wa kuyeyusha vitu vingine, na kina chake ndani ya chupa kisifike kwenye mstari wa penseli. Chupa hufunikwa. Kiyeyushi huanza kupanda chenyewe kupitia nafasi zilizo katikati ya punje za unga, kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Kinapofika kwenye madoa kinayabeba, na hapo mvutano unaanza: kiyeyushi kinaivuta kila molekuli ipande nacho, unga unaivuta ibaki.

Unga usiosogea huitwa awamu tuli. Kiyeyushi kinachopanda huitwa awamu tembezi. Fikiria watu wawili wanaoingia Soko la Kariakoo kwa mlango mmoja na kwa wakati mmoja. Mmoja anasimama kila kibanda, anauliza bei, anasalimiana na wenye vibanda. Mwenzake hana shida na chochote. Baada ya robo saa watakuwa mbalimbali, ingawa kila wanapotembea wanatembea kwa mwendo ule ule. Tofauti yao ni muda waliotumia kusimama. Molekuli nazo hutengana hivyo hivyo: inayopenda unga husimama mara nyingi na kubaki chini, isiyoupenda hufika juu.

Umbali huo hupimwa kwa rula. Kama kiyeyushi kimepanda sentimita 8 kutoka kwenye mstari na doa limepanda sentimita 3.2, tunagawa 3.2 kwa 8 na kupata 0.4. Namba hii huitwa Rf. Daima ni kati ya 0 na 1. Wanafunzi hupenda kuikariri, wakidhani ni mali ya dawa. Ni mali ya watatu kwa pamoja: dawa, kiyeyushi na unga. Badilisha mmoja wao, na namba inabadilika.

Kwa ufupi: doa ni matokeo ya mvutano kati ya kiyeyushi na unga. Namba ya Rf isiyotaja pleti iliyotumika haina maana.

Unga wenyewe ni nini?

Pleti nyingi duniani zimepakwa silika jeli. Huenda unayo nyumbani bila kujua: ni zile punje zilizo ndani ya vifuko vidogo vinavyowekwa kwenye boksi la viatu vipya au la redio, vyenye onyo kwamba zisiliwe. Huwekwa humo kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayozifaa pleti na pia kuziletea balaa, kama tutakavyoona.

Silika ni silikoni iliyoungana na oksijeni, kama ilivyo katika mchanga wa kawaida. Lakini mchanga ni mgumu na umefungamana, na silika jeli imejaa matundu. Hutengenezwa kwa kuchanganya sodiamu silikati na asidi mpaka mchanganyiko ugande, kisha hukaushwa, husagwa na kuchekechwa. Kwenye paketi ya pleti utasoma namba 60. Hicho ni kipimo cha matundu: kwa wastani yana upana wa angstromu 60, sawa na nanomita 6, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa wingi wa matundu hayo, gramu moja ya unga huo ina uso wa mita za mraba 500 hivi. Ni kiwanja cha kujenga nyumba, mita 20 kwa 25, ndani ya kijiko kidogo cha unga.

Uso huo haukulala bure. Umejaa ncha za oksijeni iliyoshikana na hidrojeni, ambazo hukamata molekuli yoyote ambayo umeme wake haukugawanyika sawasawa, yaani upande mmoja una chaji hasi kidogo na mwingine chaji chanya kidogo. Molekuli za namna hiyo nitaziita zenye ncha. Sukari na parasetamoli zimo katika kundi hilo, na silika huzishika. Molekuli za mafuta hazina kitu cha kushikwa, nazo hupita.

Kuna jambo jingine kuhusu ncha za silika ambalo limewatesa wengi: zina uasidi kidogo. Dawa zenye asili ya besi, yaani kinyume cha asidi, hunaswa vibaya na silika. Klorokwini na kwinini ni mifano mizuri. Badala ya doa la duara unapata mkia mrefu unaoanzia karibu na mstari wa penseli, na ukiutazama huwezi kusema doa limeishia wapi wala lina ukubwa gani. Mkaguzi mgeni huhitimisha kwamba dawa ni mbovu, kumbe dawa ni nzima. Tiba yake ni rahisi: matone ya amonia kwenye kiyeyushi. Amonia ni besi, huwahi kuzishika zile ncha zenye uasidi, na dawa ikapita ikiwa na umbo lake. Wengine huchagua pleti za alumina, unga uliotokana na alumini na oksijeni, ambao huuzwa ukiwa wa asili ya besi, asidi, au katikati.

Ukubwa wa punje nao una neno lake. Pleti za kawaida zina punje za wastani wa maikromita 10 hadi 12, na tabaka lenye unene wa robo milimita au pungufu kidogo. Zipo za daraja la juu, zinazoitwa HPTLC, ambazo punje zake ni maikromita 5 au 6 na zimelingana zaidi. Madoa yake hubaki madogo na makali, kiyeyushi hakihitaji kupanda zaidi ya sentimita 5 hivi, na muda hupungua. Bei hupanda. Kwa kupima kama kidonge kina kile kilichoandikwa kwenye boksi, pleti ya kawaida inatosha. Kwa dawa za mitishamba, ambazo zina makumi ya viambato vinavyokaribiana, punje ndogo hulipa gharama yake.

Hewa ya Pwani

Mtu aliyefunzwa kazi hii kwenye maabara yenye hewa kavu huko Ulaya akija Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hushangaa: madoa yanapanda juu kuliko ilivyoandikwa kitabuni. Kiyeyushi ni kile kile, pleti ni ya kiwanda kile kile.

Kilichobadilika ni hewa. Silika hunywa unyevu, na kila molekuli ya maji inayokaa kwenye ncha moja imeiondolea dawa mahali pa kushikwa. Silika iliyoshiba maji ni silika dhaifu, na dawa hupanda zaidi. Ndiyo maana vitabu huagiza pleti iwekwe kwenye oveni kwa nusu saa kwenye nyuzijoto 105 hadi 120 kabla ya kutumika. Maji huondoka na nguvu hurudi. Lakini pleti hiyo ukiiacha mezani kwenye hewa ya bahari wakati unatafuta penseli na rula, dakika chache zinatosha kuirudisha karibu na pale ilipokuwa.

Hata hivyo, sioni sababu ya kupigana na hewa usiyoiweza. Waliobuni utaratibu wa Minilab walilijua hilo. Kwenye mstari mmoja wa penseli huwekwa madoa manne. Doa la kushoto kabisa ni la dawa halisi inayojulikana, likiwa na kiasi chote cha asilimia 100. La kulia kabisa ni la dawa hiyo hiyo ikiwa na asilimia 80. Katikati ni dawa inayochunguzwa, madoa mawili. Yote manne hupanda pamoja, kwenye unga mmoja, katika unyevu mmoja. Kama hewa imeyasukuma juu, imeyasukuma yote. Doa la katikati lisipolingana kimo na majirani zake, kosa haliwezi kuwa la hewa. Likilingana kimo lakini likawa hafifu kuliko lile la asilimia 80, dawa ina upungufu.

Hii ndiyo sababu ya mimi kusisitiza: usimwamini mtu anayehukumu dawa kwa kulinganisha Rf aliyoipima leo na Rf iliyochapishwa kitabuni. Kilinganishio lazima kiwe kwenye pleti ile ile.

Uhifadhi nao ni muhimu. Pleti zikae kwenye boksi lililofungwa, mbali na chupa za amonia na za asidi, kwa sababu silika haichagui cha kunyonya. Mvuke wa kabati la kemikali huingia kwenye unga na kutokea baadaye kama kivuli kisicho na maelezo.

Wazee wa njia hii

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alikuwa Warszawa akitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye mrija wa kioo uliojazwa unga wa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ya mawe. Aliona ukanda wa kijani na wa njano ukijitenga. Mrija ulifanya kazi vizuri, ila ulichukua muda na kula vifaa vingi.

Mwaka 1938, mjini Kharkiv, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber walikuwa na shida inayofanana na ya mkaguzi wetu: walitaka kupima dawa zilizotengenezwa kwa mimea, nyingi na kwa haraka. Wakapaka alumina kwenye kipande cha kioo, wakadondosha tone la dawa katikati, kisha matone ya kiyeyushi. Dawa ikatanuka na kuwa miduara ya rangi, mmoja ndani ya mwingine. Inanifurahisha kwamba njia hii, tangu siku yake ya kwanza, ilikuwa ya kukagua dawa.

Unga wao ulilala tu juu ya kioo, ukiuinamisha, unamwagika. Aliyeutafutia gundi ni Justus Kirchner na wenzake nchini Marekani, waliochapisha kazi yao mwaka 1951. Walikuwa wanachunguza mafuta ya matunda jamii ya machungwa, na walichanganya silika na wanga ili ishike kwenye vipande vya kioo. Wanga ni gundi nzuri, lakini una kasoro moja kubwa. Njia rahisi ya kuona madoa ni kuiweka pleti kwenye mvuke wa iodini, na kila aliyesoma sayansi shuleni anajua wanga ukikutana na iodini huwa bluu. Pleti nzima inageuka bluu na madoa yanapotea.

Mjerumani Egon Stahl ndiye aliyeimaliza kazi hiyo kuanzia 1956. Yeye alitumia kalsiamu salfeti, plasta ile ile ya P.O.P. inayofungwa kwenye mguu uliovunjika. Herufi G kwenye paketi za silika inamaanisha kwamba imo. Mwaka 1958 silika ya aina hiyo ilianza kuuzwa ikiwa tayari, na hapo ndipo watu wa nchi mbalimbali waliweza kulinganisha majibu yao, kwa sababu sasa walitumia unga mmoja. Shule yoyote inaweza kutengeneza pleti zake kwa njia ya Stahl hadi leo: gramu 30 za silika G kwa mililita 60 za maji, tikisa kwa nguvu, tandaza juu ya kioo safi mapema kabla plasta haijaganda, acha ikauke, kisha oka kwenye oveni. Vumbi lake lisivutwe puani. Funika pua na ufanyie mahali penye hewa.

Pleti za kisasa za kiwandani nyingi hutumia gundi ya polima, jamii ya plastiki. Tabaka lake ni gumu, unaweza kuliandika kwa penseli bila kulichubua. Lakini gundi hiyo ina kaboni, hivyo ukiipulizia asidi kali na kuichoma kwa moto mkubwa, nayo huungua na pleti nzima kuwa nyeusi. Plasta haiungui.

Unga unaowaka kijani

Dawa nyingi hazina rangi. Pleti ikitolewa kwenye chupa na kukauka, unaona weupe mtupu. Ndipo mkaguzi huzima taa ya chumba na kuwasha taa ndogo ya miale ya urujuanimno, miale ambayo jicho haliioni, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Pleti nzima huwaka kijani, na juu ya kijani hicho yanatokea madoa meusi.

Kijani hakitoki kwenye silika. Kiwandani wamechanganya humo kiasi kidogo cha zinki silikati yenye manganizi, kitu kinachong'aa kikipigwa na miale hiyo, nacho huitwa kiashiria. Ndiyo maana ya F254 kwenye paketi. Dawa inayofyonza miale huizuia isiufikie unga chini yake, na mahali pake panabaki giza. Kwa hiyo doa jeusi ni kivuli cha dawa. Paketi ikiandikwa F254s, kiashiria chake kinastahimili asidi, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua.

Hapa pana mtego ambao kila anayeshughulika na malaria lazima aujue. Dawa mseto ya malaria tunayoiita ALu ina viambato viwili, artemetha na lumefantrini. Lumefantrini hufyonza miale vizuri na kuacha doa jeusi zito. Artemetha haifyonzi. Chini ya taa ya 254, kidonge chenye vyote viwili na kidonge chenye lumefantrini peke yake vinafanana kabisa. Mkaguzi akiishia hapo ameipitisha dawa isiyo na nusu ya nguvu yake. Lazima pleti ichovywe kwenye asidi ya salfuriki iliyopunguzwa makali, kisha ipashwe moto mpaka artemetha iungue na kutokea kama doa lenye rangi. Ndipo tunarudi kwenye swali la kibamba: je, pleti yako inastahimili asidi na moto?

Kuna vitu ambavyo havihitaji kiashiria chochote kwa kuwa vinang'aa vyenyewe. Mfano wa karibu ni aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Chini ya miale ya nanomita 365, kwenye pleti ya silika, baadhi ya aflatoksini hung'aa bluu na nyingine kijani. Majina yao, B1, B2, G1 na G2, yalitokana na rangi hizo na vimo vyao kwenye pleti. Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini zote. Ni kiasi kidogo mno, na bado doa lake linaweza kuonekana kwa macho kama mahindi yamechujwa vizuri.

Kioo, alumini au plastiki?

Unga hauwezi kusimama peke yake. Unapakwa juu ya kitu, na kuna vitu vitatu vinavyotumika.

Kioo ni cha kale na bado hakijapitwa. Hakiliwi na asidi, hakipindi, kinavumilia moto wa kuchoma madoa, na unaweza kukiosha ukapaka unga upya. Kasoro zake kila mtu anazijua: ni kizito, kinavunjika, na kukikata kunataka kikatio cha kioo na mkono uliozoea. Kwa maabara ya shule au chuo iliyo mahali pamoja, ningechagua kioo.

Alumini ni karatasi nyembamba ya bati inayokatwa kwa mkasi. Ukipata pleti ya sentimita 20 kwa 20 unaweza kukata nane za sentimita 5 kwa 10, au nyingi zaidi ndogo ndogo kwa wanafunzi. Ni nyepesi, haivunjiki garini, inapitisha joto haraka. Asidi kali na besi kali huila, lakini kuichovya mara moja kwenye asidi iliyopunguzwa makali haiidhuru, na hivyo jaribio la artemetha linawezekana. Minilab hutumia alumini, na kwa kituo cha mpakani kama Namanga au Tunduma sioni chaguo bora. Tahadhari ni moja: usiikunje. Tabaka hupasuka nyufa ndogo, na kiyeyushi kikifika kwenye ufa hupinda njia.

Plastiki, kwa kawaida poliesta, ni rahisi na hukatwa kwa mkasi pia. Inavumilia mvuke wa iodini bila tabu. Moto haiuwezi, ukiipasha sana hujikunja. Kwa artemetha haifai.

Maswali ya kumuuliza muuzaji, basi, ni haya:

- Unga ni wa aina gani, na gundi yake ni ipi?
- Una kiashiria? F254, F254s, au hakuna?
- Kibamba ni kioo, alumini au plastiki, na kinastahimili nyuzijoto ngapi?
- Unene wa tabaka ni kiasi gani? Za kupima ni robo milimita au pungufu. Za milimita 1 au 2 ni za kukusanya kitu chenyewe, si za ukaguzi.

Silika inaposhindwa

Sehemu hii ni fupi, kwa sababu silika inatosha kwa kazi nyingi za dawa. Amino asidi na sukari zina ncha nyingi mno, kwa hiyo hutenganishwa vizuri zaidi kwenye selulosi, kitu kile kile kinachojenga pamba na karatasi. Vipo pia vipleti vya poliamidi, jamii ya nailoni, vinavyofaa kwa rangi za maua na majani.

Kuna silika iliyogeuzwa tabia. Zile ncha za oksijeni na hidrojeni hufungwa minyororo mirefu ya kaboni, 18 kwa kila mnyororo, na unga huo huitwa RP-18. Sasa uso wote ni wa mafuta, na mpangilio unapinduka: vitu vya mafuta hubaki chini, vyenye ncha hupanda. Kiyeyushi chake ni maji yaliyochanganywa na methanoli au asetonitrili. Pleti iliyovishwa minyororo kwa wingi huyakataa maji matupu, hayapandi kabisa, na ndiyo maana hutengenezwa pia zile zilizovishwa kidogo, zenye alama ya W. Bei yake ni ya juu sana ukilinganisha na silika ya kawaida, hivyo mtu asiinunue kwa ajili ya kuonekana wa kisasa.

Kingine ni daitomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya vijimea vya majini vya seli moja vilivyokufa na kujilundika chini ya maziwa ya kale. Anayesafiri kati ya Nairobi na Nakuru hupita karibu na machimbo yake pale Kariandusi, jirani na Gilgil na Ziwa Elementaita. Ni silika, lakini uso wake ni mdogo mno na haushiki kitu. Unaweza kudhani hauna faida. Kumbe udhaifu huo hutumiwa kwa makusudi: baadhi ya pleti zina ukanda wa unga wa aina hiyo sehemu ya chini. Tone lililowekwa ovyo hapo husombwa lote na kiyeyushi bila kizuizi, na linapogota kwenye mpaka wa silika halisi hujikusanya kuwa mstari mwembamba. Mtu mwenye mkono usio mtulivu hupata madoa mazuri.

Kile ambacho pleti haiwezi

Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, kaskazini mashariki mwa Kongo, katika Ituri na Haut-Uélé, mamia ya watu walilazwa wakiwa na misuli ya uso na shingo iliyokakamaa na kujipinda. Ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2015: vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Pleti imezaliwa kwa makosa ya namna hii. Molekuli hizo mbili hufyonza miale, kila moja huacha doa jeusi, lakini kwenye silika zikipewa kiyeyushi kinachofaa hazikai kimo kimoja. Kidonge kisicho na dawa kabisa nacho huumbuka mara moja, maana hakuna doa.

Lakini kidonge chenye asilimia 90 ya kiasi kilichoandikwa na chenye asilimia 95 jicho haliwezi kuvitofautisha. Pleti haisemi pia kama kidonge kitayeyuka tumboni, kwa kuwa mkaguzi amekwisha kukisaga. Hilo hupimwa kando, kwa kukiweka kidonge kizima ndani ya maji yenye joto la mwili, nyuzijoto 37, na kuangalia kama kitasambaratika ndani ya dakika 30. Kwa hiyo doa lisilolingana na majirani zake halitoshi kumpeleka mtu mahakamani. Mkaguzi hurudia jaribio kwenye pleti mpya kutoka boksi jingine, ili kuhakikisha kosa si la unga. Likijirudia, sampuli hufungwa, namba yake ya toleo huandikwa, na hupelekwa maabara kuu yenye mashine za kupima kiasi kamili. Shehena iliyobaki hubaki pale ilipo, haiuzwi wala hairudishwi, mpaka jibu lirudi.